Kuongeza taa, pampu na chaja kwenye trekta: mwongozo kamili wa wayaringi salama

Msimu ukifunguka, trekta za kukodisha hazilali. Kila mwenye shamba anataka alimiwe kabla unyevu haujakauka, na mwenye trekta anafunga taa nyuma ili dereva aone jembe usiku. Baadaye inaongezwa pampu ya umeme ya kunyunyizia dawa, kisha chaja ya simu. Vyote hivyo vinafaa. Kinachoharibu ni ufungaji wake: waya wa taa ya mbele unachubuliwa, mwingine unasokotwa juu yake, tepu inazungushwa, kazi imekwisha. Usiku vifaa vyote vikiwashwa pamoja, umeme wote unapita kwenye swichi na waya ambavyo kiwanda kilivipangia balbu mbili. Swichi inayeyuka, au waya unaungua ndani ya fungu moja na nyaya za starta na geji, na trekta inalala shambani wakati wateja wamepanga foleni.

Maelezo haya ni ya trekta ya volti 12 ya kawaida isiyo na kompyuta, kama Massey Ferguson 240, 290 au 375 na wenzake wa umri huo. Msingi wake ni huu: kila kifaa kipate njia yake kutoka kwenye betri, njia hiyo iwe na fyuzi mwanzoni kabisa, na swichi iliyo mkononi mwa dereva ibebe mkondo mdogo wa kuamsha rilei tu, yaani swichi nyingine inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mzigo mzito ubebwe na rilei.

Kama trekta yako ni mpya na injini yake inaongozwa na kompyuta, usichubue waya wowote usioufahamu. Tumia soketi au fyuzi za ziada ambazo kiwanda kimezitenga kwa ajili ya vifaa, na kitabu cha trekta kitakuonyesha zilipo.

Anza na hesabu ya alteneta

Watu wengi huanza kwa kununua taa. Anza kwa kuuliza alteneta, yaani jenereta inayozungushwa na injini na kuchaji betri, inatoa kiasi gani. Kiwango chake huandikwa kwenye kibandiko au kugongwa kwenye ganda lake. Lucas 17ACR, iliyofungwa kwenye mashine nyingi za Uingereza za zamani, hutoa ampea 36 injini ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Injini ikinguruma taratibu inatoa pungufu sana ya hapo.

Ampea unazipata kwa kugawa wati kwa volti. Taa mbili za mbele za wati 55 ni wati 110, ugawe kwa 12, unapata ampea 9 na kidogo. Taa ndogo za nyuma na za dashibodi, tuseme ampea 3. Sasa ongeza vitu vipya: taa mbili za LED za wati 48 kila moja ni ampea 8, pampu ya dawa ampea 10 (soma kibandiko chake, zinatofautiana), chaja ya simu ampea 1.5. Jumla inakaribia ampea 32. Kwa alteneta ya ampea 36 umebakiwa na kidogo sana cha kurudisha chaji kwenye betri baada ya kupiga starta. Inawezekana, lakini usiwashe pampu na taa zote kwa pamoja kwa saa nyingi injini ikiwa chini.

Ukitaka taa nne za nyuma za balbu za halojeni za wati 55, hizo peke yake ni zaidi ya ampea 18, na hesabu haikubali tena. Ndiyo maana nashauri LED bila kusita kwa alteneta ndogo. Ila usiamini namba iliyoandikwa kwenye boksi la LED ya bei rahisi. Omba muuzaji aiunganishe kwenye betri, mpime mkondo kwa multimeta, kile kipimo cha umeme cha mkononi. Taa iliyoandikwa wati 48 ikivuta ampea 2 kwenye volti 12, hiyo ni taa ya wati 24.

Kabla ya kununua chochote pima pia hali ya trekta ilivyo sasa. Betri iliyopumzika usiku kucha na yenye chaji kamili inasoma karibu volti 12.6. Injini ikiwa inazunguka vizuri, kwenye vichwa vya betri usome kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukisoma 12.5 na injini inafanya kazi, alteneta haichaji, na taa mpya zitamaliza betri tu. Tengeneza hilo kwanza.

Waya: usibane pesa hapa

Waya wa nyumba wenye uzi mmoja mgumu haufai kwenye trekta. Mtetemo unaukata ndani ya ganda lake pale usipoona, mara nyingi karibu na terminali. Nunua waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu kabla ya kulipa: ukiona rangi ya fedha chini ya wekundu, huenda ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Huo unapitisha umeme kwa shida zaidi na unaoza upesi kwenye viungo. Kuna shaba halisi iliyopakwa bati pia, nje nyeupe na ndani nyekundu. Hiyo ni nzuri.

Unene unaamuliwa na mkondo pamoja na urefu. Chukua taa zetu za ampea 8, zilizo mita 4 kutoka kwenye sanduku la fyuzi. Umeme unakwenda mita 4 na kurudi mita 4, kwa hiyo hesabu mita 8. Kwa waya wa milimita 1.5 za mraba unapoteza karibu volti 0.75 njiani. Kwa 2.5 unapoteza 0.45, kwa 4 unapoteza 0.28. Mimi hujiwekea mpaka wa nusu volti, kwa hiyo taa hizo zinapata waya wa 2.5. Pampu ya ampea 10 iliyo mita 5 nyuma inapata waya wa 4, kwa sababu mota ikikosa volti inavuta kwa shida, inapata joto, na shinikizo la dawa linashuka. Njia kuu kutoka betri hadi sanduku iwe ya milimita 6 za mraba. Waya wa kuamsha rilei unaweza kuwa wa 1, kwani koili (waya uliozungushwa ndani ya rilei, unaoiamsha) ya rilei ya kawaida hula takriban ampea 0.15.

Fyuzi inalinda waya, si kifaa. Hili likieleweka, mengine yote yanakaa sawa. Chagua fyuzi yenye nafasi kidogo juu ya mzigo, lakini chini ya kile waya unachoweza kubeba bila kupata joto. Kwa mfano wetu: taa ampea 10, pampu ampea 15, chaja ampea 5, na fyuzi kuu ampea 30. Rangi za fyuzi za visu ni zilezile kila mahali: 5 ni kahawia iliyopauka, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 30 kijani. Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi wala karatasi ya sigara. Tafuta kilichoiunguza.

Vifaa vya kuandaa

Utahitaji sanduku la fyuzi lenye kifuniko, rilei mbili za volti 12 za ampea 30 au 40 pamoja na vikalio vyake, swichi tatu zenye kofia ya mpira ya kuzuia mvua, kishikio cha fyuzi kuu, terminali za duara na za kisu, mpira wa kusinyaa kwa joto, bomba la plastiki lenye mikunjo la kupitishia nyaya, vibanio vya plastiki, na mipira ya kuvalisha matundu ya chuma. Upande wa zana, multimeta na plaizi halisi ya kubania terminali. Plaizi ya kawaida inapondaponda terminali bila kuibana, na kiungo kinalegea baada ya wiki chache za kulima. Kila terminali ukishaibana ivute kwa nguvu ya mkono. Ikichomoka, afadhali ichomoke hapo mezani.

Risasi ya kuchomelea siipendekezi kwenye sehemu zinazotetemeka. Inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, na unakatika pale ugumu unapoishia.

Kazi yenyewe

Hatua ya 1. Zima injini, vuta breki ya mkono, shusha jembe chini. Vua pete na saa ya chuma. Fungua waya wa hasi wa betri kwanza, ule uliofungwa kwenye bodi, yaani chuma cha trekta. Ukianza na chanya na spana ikagusa chuma, inapiga shoti ya betri nzima. Betri inayochaji hutoa gesi ya haidrojeni, na cheche moja inaweza kuilipua usoni mwako.

Hapo hapo hakikisha ni ncha ipi iliyofungwa kwenye bodi. Trekta za zamani sana zenye dainamo, kama Massey Ferguson 35 na Fordson Major, nyingi zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Nyingine zimekwisha kubadilishwa na mafundi, nyingine bado. Ukifunga LED au chaja kinyume unaweza kuiua papo hapo.

Hatua ya 2. Chora. Karatasi moja inatosha: betri, fyuzi kuu, sanduku, rilei, swichi, vifaa, na rangi ya kila waya. Ukichora kabla utagundua mapema kwamba umesahau waya wa kurudi, au kwamba swichi ya pampu iko upande ambao dereva hafiki.

Hatua ya 3. Njia kuu. Waya wa 6 uanzie kwenye chanya ya betri. Kama betri iko mbele kabisa na dashibodi iko mbali, unaweza kuanzia kwenye bolti kubwa ya starta inayopokea kebo nene ya betri, kwa kuwa hapo umeme upo wakati wote. Kishikio cha fyuzi kuu kikae ndani ya sentimita 20 kutoka hapo ulipoanzia. Kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina ulinzi wowote, na kikichubuka kwenye chuma kitawaka mpaka betri iishe au trekta iungue. Usiweke fyuzi bado.

Hatua ya 4. Sanduku la fyuzi na rilei likae mahali pakavu, mbali na manifoldi na bomba la moshi, pasiporushiwa matope na magurudumu. Nyuma ya dashibodi panafaa kwenye trekta nyingi. Geuza miguu ya rilei itazame chini ili maji yasituame.

Hatua ya 5. Tafuta umeme wa kuamshia rilei. Unatafuta waya ambao ufunguo ukiwa umezimwa unasoma sifuri, na ukifunguliwa unasoma volti za betri. Rudisha waya wa hasi kwa muda, pima kwenye fyuzi za dashibodi, kisha ufungue tena waya huo wa hasi. Chukua umeme upande wa fyuzi ambao tayari umelindwa.

Hapa pana jambo linalowasumbua wenye trekta za zamani. Nyingi kati yake huzimwa kwa kuvuta kamba ya kukata dizeli, si kwa ufunguo. Dereva anavuta kamba, injini inazima, anaondoka, ufunguo umebaki wazi na taa zinawaka hadi asubuhi. Kama dereva wako ana tabia hiyo, chukua umeme wa kuamshia kwenye waya mdogo wa alteneta unaokwenda kwenye taa ya chaji. Waya huo unapata volti kamili pale tu alteneta inapochaji, kwa hiyo injini ikizima rilei zinaachia zenyewe. Lakini hapo chukua mkondo wa koili za rilei peke yake. Ukiweka taa au pampu moja kwa moja kwenye waya huo utaharibu diodi ndogo za alteneta, vile vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Hatua ya 6. Rilei. Namba zimeandikwa chini yake:

- 30: umeme unaotoka kwenye fyuzi ya kifaa husika
- 87: waya unaokwenda kwenye taa au pampu
- 86: waya unaotoka kwenye swichi ya dereva
- 85: bodi

Rilei ya miguu mitano ina 87a katikati. Mguu huo una umeme wakati rilei imelala, kinyume cha 87, kwa hiyo uache wazi na uuzibe. Kama rilei ina diodi ndani, mchoro wake utaionyesha, nayo haitaki 86 na 85 zigeuzwe. Taa moja rilei moja si lazima: jozi ya nyuma inashiriki moja. Pampu iwe na yake.

Chaja ya simu haihitaji rilei. Ampea 1.5 ni ndogo, ipite kwenye fyuzi yake kisha kwenye swichi yake. Swichi hiyo ni muhimu kwa sababu chaja hunyonya kidogo hata isipochomekwa simu, na trekta inayokaa bandani miezi kati ya msimu na msimu itakutwa na betri tupu.

Hatua ya 7. Kupitisha nyaya. Hii ndiyo hatua inayochukua muda mrefu kuliko zote, na inayoamua kama kazi itadumu. Nyaya zote ziingie ndani ya bomba la mikunjo, zibanwe kila sentimita 25 hivi. Kila zinapopita kwenye tundu la bati, valisha tundu hilo mpira. Usizifunge kwenye bomba za dizeli wala kwenye hozi za haidroliki: hozi husogea na kupata joto, na waya ulioungua juu ya bomba la dizeli ni moto uliokwisha kupata kuni. Kaa mbali na shafti ya PTO (ile ya nyuma inayozungusha zana) na mikono ya kuinulia jembe. Inua na ushushe mikono hiyo hadi mwisho, zungusha usukani pande zote, fungua na ufunge boneti, ukitazama kama kuna waya unaovutwa. Waya unaoingia kwenye taa uning'inie kidogo chini ya kiungo kabla ya kupanda, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kuingia ndani.

Hatua ya 8. Bodi. Taa nyingi zinazowaka kwa unyonge hazina tatizo upande wa chanya kabisa. Madigadi na mikono ya taa vimepakwa rangi na kufungwa kwa bolti zenye kutu, na umeme unarudi kwa shida. Kwa hiyo usitegemee bolti ya taa. Vuta waya wa kurudi wa unene uleule hadi kwenye bolti moja nzito ya injini au giaboksi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, weka wosha ya meno, kaza, kisha paka grisi juu. Kagua pia kebo nene ya betri inayokwenda kwenye bodi, maana sasa inabeba kila kitu.

Kuwasha mara ya kwanza

Usichomeke fyuzi kuu ukaomba heri. Chukua balbu ya wati 21, ile ya indiketa, iwekee nyaya mbili, na uiunganishe mahali pa fyuzi kuu. Rudisha hasi ya betri, swichi zote zikiwa zimezimwa. Balbu ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti mahali fulani, na balbu imekuokoa usichome waya. Ikikaa kimya, washa swichi ya chaja, kisha fungua ufunguo uwashe taa. Balbu itawaka na taa zako zitafifia au zisiwake. Hilo ni sawa, balbu inabana mkondo. Sikiliza rilei ikigonga (kama umechukua umeme wa kuamshia kwenye alteneta, zitagonga injini ikizunguka tu). Ukiridhika, toa balbu, weka fyuzi halisi.

Sasa pima wakati kifaa kinafanya kazi. Injini izunguke, taa ziwake. Weka ncha moja ya multimeta kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya taa: unachosoma ndicho kinachopotea njiani kwenda. Rudia kwa hasi. Ukijumlisha isizidi nusu volti sana. Upande unaosoma nyingi ndio wenye kiungo kibaya. Acha kila kitu kiwake nusu saa, kisha gusa fyuzi, vikalio vya rilei na terminali. Uvuguvugu si neno. Ukishindwa kuacha kidole hapo, terminali haijabana, ifungue na uirudie.

Mwisho pima unyonyaji. Zima kila kitu, toa ufunguo, fungua hasi, na uunganishe multimeta kwenye tundu lake la ampea 10 kati ya ncha ya betri na kebo. Isomeke chini ya ampea 0.05. Zaidi ya hapo, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine hadi namba ishuke. Usipige starta multimeta ikiwa hapo, mamia ya ampea yataiunguza.

Yanayojitokeza baadaye

Rilei inagonga lakini taa haiwaki: pima 30, kisha 87. Kama 30 ina umeme na 87 haina, vituo vya rilei vimeungua. Kama zote zina, tatizo ni waya wa kwenda au wa kurudi. Rilei haigongi kabisa: pima 86 swichi ikiwa imewashwa, kisha kagua bodi ya 85. Pampu inaunguza fyuzi inapoanza tu: kagua kwanza kama dawa imekauka ndani na kuikaba, kabla hujalaumu wayaringi. Betri inalala licha ya kila kitu: rudi kwenye hesabu ya alteneta, na uangalie mkanda wake kama haujalegea.

Mfundishe dereva kuzima taa za kazi za nyuma kila anapoingia barabarani. Mwanga mweupe mkali unaotazama nyuma unampofua anayefuata, na hawezi kujua kama trekta inamjia au inakwenda. Mchoro wako ufunge kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku la zana, ukiandika ukubwa wa kila fyuzi. Na siku fundi wa kuchomelea vyuma akija kuziba madigadi au kuimarisha jembe likiwa limefungwa kwenye trekta, fungua kwanza nyaya za betri na uchomoe soketi ya alteneta, kisha aibane kebo yake ya bodi karibu kabisa na mahali anapochomelea.